Usiniulize Linux Gani, Niambie Kwanza RAM Ngapi

Kila wiki lazima mtu aniandikie inboksi: "Buda, nina laptopu ya kitambo, niweke Linux gani?" Hakuna salamu, hakuna picha, hajasema mashine ni ya mwaka gani wala ina RAM ngapi. Ni kama kuingia kwa duka la dawa, useme "nipe dawa" halafu unyamaze. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hivyo leo najibu nyote mara moja. Lakini lazima nianze na aibu yangu, kwa sababu hapo ndipo nilijifunzia.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Ni karo, si bangi, kabla muanze. Nilirudi nyumbani Tawa na godoro, begi moja na laptopu. Hiyo laptopu Mwaitu aliuza ndume ndio ninunuliwe nilipopata barua ya kujiunga na chuo. Ni ThinkPad X200, zile tunaita ex-UK, zimetumiwa ofisini huko Uingereza zikachoka, zikaletwa kwa meli, zikapanguswa vumbi, zikapangwa dukani Nairobi kama mpya. Modeli hiyo ilitoka 2008. Kuna watu humu ndani mlizaliwa mwaka huo. Prosesa ni Core 2 Duo, RAM ni GB 2, diski ni ile ya kuzunguka, ukiweka sikio unaiskia ikikwaruza.

Ilikuja na Windows 10. Sijui fundi aliyeiweka alikuwa anafikiria nini. Asubuhi ningeiwasha, niende kuchota maji, nirudi, na bado ile duara inazunguka. Halafu mwaka jana habari zikawa kila mahali: kuanzia 14 Oktoba 2025, Microsoft inamaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na prosesa za kuanzia karibu 2018. Yangu ilikuwa imepitwa na miaka kumi. Ndio nikaamua mwezi wa sita, bila kuuliza mtu, naweka Linux.

Sasa sikiza kosa. Mwaitu ni katibu wa kikundi cha kina mama, wako kumi na wanne. Kila mwezi kila mtu anatoa mia tano, moja anapokea, nyingine inabaki kwa mfuko wa dharura. Kwa miaka mingi ameandika kila kitu kwa daftari, lile la kaunta buku lenye jalada gumu jeusi. Mimi niliporudi kutoka chuo na ujuzi wangu wa nusu digrii, nikamwambia hayo mambo ya daftari yamepitwa, wacha nikuwekee kwa kompyuta, itajumlisha yenyewe. Alikataa mwezi wa kwanza. Akakataa wa pili. Mwezi wa nne akakubali, nafikiri ni kwa sababu aliona sina kitu kingine cha kufanya na alitaka nijiskie nina kazi. Kwa hivyo michango ya mwezi wa nne, wa tano na wa sita ilikuwa ndani ya laptopu pekee.

Nikachagua Ubuntu. Unajua kwa nini? Jina. Ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, jamaa wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni letu sisi Wabantu. Kikamba tunasema mundu, Kiswahili mtu, ni neno lile lile. Nilikuwa nimesoma kwamba zamani walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani mpaka 2011, ukiandika tu anwani. Moyo wangu ukasema hii ni ya nyumbani. Nikanunua bando la usiku, nikashusha faili ya karibu GB 6 mpaka saa kumi alfajiri, nikiamka kila nusu saa kuangalia kama mtandao umekatika.

Ilipofika kwa ukurasa unaouliza ufanye nini na diski, kulikuwa na chaguo la kufuta kila kitu na kuweka Ubuntu peke yake. Nikabonyeza. Kwa akili yangu ile hesabu ya kikundi ilikuwa Google Drive. Haikuwa. Ya Drive ilikuwa ile ya kwanza ya mwezi wa nne, tupu, majina tu na mistari.

Wasee, mimi sikujua hilo hadi Jumapili. Wakati huo nilikuwa nahangaika na jambo lingine: Ubuntu yenyewe ilikuwa imekataa kutembea. Kabla nifungue chochote, zaidi ya nusu ya RAM imekwisha. Nikifungua Firefox na kurasa mbili, panya inaganda, taa ya diski inawaka bila kuzima. Hapa nieleze kidogo, kwa sababu hii ndio siri ya mashine zote za kitambo. RAM ikijaa, kompyuta haisemi "nimeshiba." Inachukua vitu vilivyo kwa RAM inaviweka kwa diski kwa muda, halafu ukivihitaji inavirudisha. Diski ya kuzunguka iko polepole kuliko RAM mara nyingi sana. Kwa hivyo unachoona kama "imehang" ni mashine inabeba mizigo kutoka chumba kimoja hadi kingine, siku nzima, ikirudi kwa ile ya kwanza.

Ubuntu haina makosa. Wao wenyewe waliandika kwamba inataka RAM ya GB 4. Ni mimi sikusoma.

Jumapili baada ya kanisa, Mwaitu akaniita. "Leta kile kitabu chetu cha kompyuta, wamama wako hapa." Walikuwa wamekaa chini ya mwembe, na chai imeshamiminwa. Nikafungua Drive kwa simu. Majina kumi na manne, mistari mitupu. Nikarudi kwa nyumba nikajifanya natafuta chaja. Nilikaa kwa kitanda kama dakika kumi. Mwishowe nikatoka nikasema ukweli, mbele ya wote, kwamba nimefuta.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja alicheka kidogo kwa pua. Mwaitu alisema tu, "Sawa, mwana wakwa. Leta karatasi." Hiyo "sawa" bado iko kwa kifua changu.

Tukaanza kujenga upya hesabu ya miezi mitatu kutoka kwa ujumbe wa M-Pesa kwa simu ya mweka hazina. Mmoja mmoja, tarehe kwa tarehe. Wengi walipatikana. Wawili walikuwa wamelipa pesa taslimu mkononi, na mmoja wao alisema alitoa mwezi wa tano, mweka hazina akasema hakumbuki. Hawa ni wanawake ambao wamezikana, wamelea watoto pamoja, na sasa wanaangaliana vibaya juu ya mia tano kwa sababu ya kidole changu. Nikailipa mimi. Ilikuwa pesa yangu ya bando ya wiki mbili, na nyinyi mkauliza mbona sijaposti.

Kwa hivyo nikisema kitu cha kwanza si kuchagua Linux bali ni kutoa vitu vyako nje ya hiyo mashine, siongei kama mtu wa video. Nunua flashi ya pili. Nakili. Toa hiyo flashi, iingize kwa kompyuta nyingine, fungua faili uone inafunguka. Ukishaona kwa macho, basi endelea.

Kitu cha pili ambacho sikufanya: karibu kila Linux inaweza kuwaka kutoka kwa flashi bila kugusa diski. Unaijaribu vile iko. Unaangalia Wi-Fi inashika, sauti inatoka, mwanga wa skrini unapungua, video inacheza. Ikikusumbua unazima, unatoa flashi, Windows yako iko pale pale kama hakuna kilichotokea. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu flashi si diski, lakini utajua. Mimi niliruka hii hatua kwa haraka ya kijinga.

Na kama huna kompyuta nyingine ya kutengenezea hiyo flashi, si lazima ulipe saiba. Kuna programu ya Android inaitwa EtchDroid. Unashusha faili kwa simu, unachomeka flashi kwa waya mdogo wa OTG, inaandika. Hiyo ndio nilitumia mara ya pili, kwa sababu laptopu ilikuwa imeshakufa ganzi.

Sasa, Linux gani?

Watu mtandaoni wanabishana juu ya distro kama Gor na Ingwe. Kwa mashine mpya wabishane tu, haidhuru. Kwa mashine ya kitambo, kelele nyingi hazina maana. Fikiria matatu. Isuzu inatoa injini na chesi. Bodi inaundwa huku kwetu, na kila mwenye karakana ana yake: mwingine anaweka skrini kila kiti na taa za disko, mwingine anaweka viti na milango basi. Linux ni hiyo injini na chesi. Distro ni karakana. Na kinachokula RAM yako zaidi ni bodi, yaani desktopu: menyu, madirisha, vivuli, vitu vinavyoteleza ukifungua. GNOME, ile inakuja na Ubuntu, ni matatu ya Rongai yenye kila kitu. Xfce na LXQt ni zile za kawaida, safi, zinakufikisha. IceWM ni Probox. Haina urembo, lakini mtu yeyote wa Makueni anajua Probox inabeba nini na inapita wapi.

Kwa hivyo mwenye kuniuliza "Mint ama Debian ama MX?" hajauliza swali. Mint ya Xfce na MX ya Xfce, kwa RAM ile ile, tofauti yake hutaiskia sana. Lakini Debian ya GNOME na Debian ya LXQt, jina moja, ni kama mashine mbili tofauti.

Mimi niliishia kwa MX Linux ya Xfce. Imejengwa juu ya Debian, ina vifaa vyake vya kurekebisha vitu bila kuandika amri nyingi, na ikiwaka kwangu inakaa kama MB 600 kabla nifungue kitu. Mint nayo ningeichagua kwa mtu ambaye ametoka Windows jana na hataki stori mingi. Wanasema GB 2 ni kiwango cha chini na GB 4 ndio inafaa, na mimi nawaamini. Lubuntu, ambayo inatumia LXQt, pia iko sawa. Unaona nimetaja tatu na sijapigania hata moja.

Lakini niseme ukweli ambao hauna mashabiki: kilichobadilisha X200 yangu kabisa hakikuwa distro. Nilituma bob elfu mbili na mia nne kwa jamaa wa Luthuli Avenue, nikaletewa na gari SSD ya GB 120 na kipande cha RAM cha GB 2 kilichotumika. Kufungua nyuma ni bisibisi moja. Sasa nina GB 4, inawaka kwa nusu dakika. Kama una hiyo pesa, anza hapo kabla hujamaliza bando ukishusha distro saba. Uliza tu aina ya RAM yako kwanza, DDR2 haiingii kwa DDR3, mashimo hayalingani, usilazimishe.

Na tusidanganyane kuhusu brauza. Unaweza kuwa na Linux nyepesi kuliko zote, halafu ufungue WhatsApp ya kompyuta, YouTube, Facebook na kurasa tisa za kazi. Brauza itakula kila kitu na utalaumu distro. Mimi naishi na kurasa nne. YouTube naangalia kwa 480p. Video zangu zile mnaona bado nakata kwa simu, kwa sababu Core 2 Duo na kukata video ni kumwadhibu mzee. Laptopu ni ya kuandika, ya picha za jalada kwa GIMP, na kusafisha sauti kwa Audacity. Hiyo inafanya vizuri sana.

Halafu kuna hii ya biti, ambayo inaumiza watu wengi na hakuna anayewaambia. Kuna kijana jirani yetu, kidato cha nne, ambaye mjomba wake alimletea kilaptopu kidogo, zile za skrini ya inchi kumi. Prosesa ni Atom N270, RAM GB 1. Alikuja na flashi ya Mint tayari, amejitengenezea, ana furaha. Haikuwaka. Skrini ikaleta maandishi mawili ikasimama. Alifikiri ameharibu.

Hakuharibu kitu. N270 ni ya biti 32, na Mint kubwa iliacha biti 32 toka toleo la 20, mwaka 2020. Ubuntu ilikuwa imeshaacha kutoa ya desktopu 2017. Debian, ambayo ndio ilikuwa kimbilio la wazee, ilipotoa toleo la 13 mwezi wa nane 2025 haikutoa tena ya kusakinisha kwa biti 32. Hata Firefox iliacha kutoa mpya za Linux ya biti 32, ikabaki ile ya muda mrefu tu, na Chrome iliachana nazo 2016. Mlango unafungwa, na wanaoufunga wana sababu zao: ni kazi nyingi kutunza kitu ambacho kwao hakuna mtu bado anacho. Kwao. Huku tunacho, kinatoka kwao, na tumekinunua juzi.

Tukaweka antiX 23 ya biti 32. Hiyo ni Probox niliyosema, inatumia IceWM, na kwake ikawaka na kula kama MB 200 hivi. Wi-Fi ikakataa, chipu yake ilitaka kiendeshi ambacho hakikuwa ndani, na huwezi kushusha kiendeshi cha Wi-Fi bila Wi-Fi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Chukua simu yako, chomeka na waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB. Linux inaiona saa hiyo hiyo kama waya wa mtandao. Tukashusha kiendeshi kwa bando la bob ishirini, Wi-Fi ikashika.

Lakini nilimwambia ukweli pia, na nakuambia wewe. Somo lake la Kompyuta lina mradi wa hifadhidata, na shuleni kwao wanafanyia kwa Access ya Microsoft. Hiyo haiko kwa Linux. LibreOffice ina Base, unajifunza jedwali na maulizo ni nini, lakini faili ya kupeleka kwa mwalimu ataimalizia kwa maabara ya shule. Alinyamaza kidogo, akauliza kama kuandika na kusoma PDF kutafanya kazi. Hiyo itafanya. Basi akaenda nayo.

(Kitu kidogo kando: LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, na OpenOffice iliwahi kutafsiriwa yote Kiswahili na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice. Yule kijana aliweka ya Kiswahili akacheka kila menyu kwa nusu saa. Mbona tunacheka lugha yetu tukiiona kwa kompyuta, hiyo ni posti ya siku nyingine.)

Mwaitu je? Hesabu ya kikundi iko tena kwa laptopu, nakala iko kwa flashi, nyingine Drive, na hiyo ya Drive naifungua kwa simu kila mwisho wa mwezi kuhakikisha si tupu. Nilimwambia haya yote nikitegemea anisifu. Akaitikia, akafungua kabati, akatoa kaunta buku jipya. Anaandika kote kuwili. Mwezi uliopita jumla zetu zilikataa kulingana kwa mia mbili, na mwenye kosa alikuwa mimi, niliruka mstari.

Sasa ukiniandikia, niambie vitu vinne: prosesa inaitwaje, RAM ngapi, diski ni ya kuzunguka ama SSD, na unataka kufanyia nini. Kama hujui prosesa, piga picha ile stika iko karibu na kibodi unitumie. Na kama kuna mtu ana chaja ya X200 amelala nayo, yangu waya umeanza kuonyesha shaba, niko Tawa, naweza kuja kuichukua hadi Kikima ama Wote.